Gari Limechemsha Siku ya Tatu: Je, Yadi Wanalazimika Kulipokea?

SWALI: Mimi ni mwalimu, naishi Tukuyu. Nimenunua Toyota Noah iliyotumika kwenye yadi moja jijini Mbeya kwa Sh milioni 14, sehemu kubwa ni mkopo wa SACCOS. Kabla ya kulipa nilimwandikia muuzaji WhatsApp kwamba gari litapanda Chunya mara kwa mara kwa sababu mume wangu anafanya kazi huko. Akanijibu kwamba injini haijawahi kuguswa na mlima ule linapanda bila shida. Siku ya tatu, tukiwa mlimani kuelekea Chunya, likachemsha. Tumelivuta hadi gereji Mwanjelwa. Fundi amelitazama bila kulifungua, anasema gasketi ya silinda hedi imekwisha na injini ilishawahi kufunguliwa. Yadi wananionyesha maandishi kwenye risiti, "gari likishauzwa halirudishwi", ila wako tayari kunipa fundi wao nichangie nusu ya gharama. Kadi ya gari bado ina jina la mtu nisiyemjua. Nina haki gani?

JIBU: Pole sana, mwalimu. Haki unayo, tena si ndogo. Ila mambo ya namna hii yanaharibika haraka, kwa hiyo naanza na la kufanya leo, sheria itafuata.

Leo, kabla fundi hajashika spana, waandikie yadi kwamba unalikataa gari hilo. Andika kwenye WhatsApp ileile mliyotumia kuelewana bei, kisha peleka barua yenye maneno hayohayo na upate sahihi ya aliyeipokea kwenye nakala yako. Maneno yanaweza kuwa haya: "Tarehe fulani nilinunua kwenu Toyota Noah yenye namba fulani kwa Sh milioni 14. Mlinihakikishia kwamba injini haijawahi kufunguliwa na kwamba gari linafaa kwa safari za Chunya. Siku ya tatu limechemsha. Fundi amebaini dalili kwamba injini ilifunguliwa zamani. Nalikataa gari na naomba nirudishiwe fedha zangu. Gari liko gereji Mwanjelwa, halitumiki. Naomba mtume fundi wenu tulikague pamoja kabla ya siku saba." Basi. Usitukane, usitishie, usisimulie jinsi ulivyoumia. Ujumbe huo huenda siku moja ukasomwa na hakimu.

Nakuhimiza hivyo kwa sababu Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamhesabu mnunuzi kuwa amekubali mali pale anapoitumia kama mwenye mali, au anapokaa nayo kimya muda mrefu kuliko inavyostahili. Ukilitengeneza, ukapakia abiria wa Tukuyu wiki mbili, kisha ukarudi yadi kusema hulitaki, watakuuliza kama asiyelitaka gari hulifanyia biashara. Sheria hiyohiyo inakusaidia upande wa pili: anayeikataa mali kwa haki halazimiki kuibeba hadi kwa muuzaji. Inatosha kumjulisha. Kwa hiyo akikwambia "lilete kwanza ndipo tuzungumze", huna wajibu wa kulipa breakdown irudishe gari kwenye yadi yake.

Watu wengi huniuliza kuhusu siku 30 wanazozisoma mtandaoni. Hizo ni za Uingereza, zimo katika Sheria yao ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015. Kwetu hakuna idadi ya siku iliyoandikwa. Kipimo ni muda unaostahili kwa mali yenyewe na mazingira yake, na wewe uliyegundua siku ya tatu uko mahali pazuri mno. Usipapoteze kwa kusubiri waite kikao.

Sasa risiti. Maandishi ya "halirudishwi" yanatisha kuliko uzito wake. Nataka ukumbuke mpangilio wa siku ile: mlielewana bei, ukalipa, ndipo wakakuandikia risiti? Kama ndivyo, mkataba ulishakamilika kabla ya sentensi hiyo kuwapo. Mtu hawezi kukuongezea sharti baada ya kupokea fedha zako. Hali ni tofauti kama ulitia sahihi mkataba wa mauziano ulioandikwa "linauzwa kama lilivyo" kabla ya kulipa. Sura ya 214 inaruhusu pande mbili kukubaliana kuondoa dhamana ambazo sheria ingeziweka yenyewe, na hapo kazi yako ingekuwa ngumu. Lakini hata maandishi ya namna hiyo hayamkingi aliyekudanganya. Mtu hajiandikii ruhusa ya kusema uongo.

Nguvu ya madai yako iko kwenye ule ujumbe wa Chunya, na hapa nitakaa kidogo.

Mtu akinunua mali kwa mfanyabiashara wa mali hizo, akamweleza anaitaka kwa kazi gani, na akategemea ujuzi wa muuzaji, sheria inaweka sharti hata kama hakuna aliyelitamka: mali iifae kazi hiyo. Wewe hukuingia yadi ukasema "naomba Noah" ukaondoka. Uliitaja njia. Barabara ya Mbeya kwenda Chunya inapanda zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, injini inavuta kwa gia ndogo kwa muda mrefu, na maji ya rejeta yanafanya kazi kweli. Gari lenye gasketi iliyochoka, yaani kile kizuizi kinachotenganisha gesi ya injini na njia za maji, linaweza kuzunguka mitaa ya Kabwe na Soweto hapa Mbeya mwezi mzima bila kuonyesha kitu, na huko Dar es Salaam tambarare likakaa hata zaidi. Joto likipanda na mgandamizo ukiongezeka mlimani, gesi ya injini inapenya kwenye njia za maji, maji yanasukumwa nje, mshale unapanda. Kwa hiyo muuzaji wa Mbeya anapoambiwa "Chunya" anaelewa kabisa anaulizwa nini. Aliyejibu "linapanda bila shida" ametoa ahadi, na kwa bahati nzuri ameiandika.

Watakujibu kwamba ni mwendo wako, au hukuangalia maji, au mlima ndio umeua injini. Jibu la hilo ni ushahidi wa fundi, maana mahakamani anayedai ndiye anayethibitisha. Utatakiwa kuonyesha kwamba ugonjwa ulikuwapo siku unakabidhiwa ufunguo. Injini haziongei, lakini huacha alama. Mwombe fundi apige picha, kila moja ikiwa na tarehe: kingo za silinda hedi, kama kuna gundi ya silikoni mpya iliyobanwa ikatokeza nje huku chuma cha pembeni kina uchafu wa miaka, vichwa vya bolti, kama vina makovu ya spana, ndani ya mfuniko wa rejeta, kama kuna utando wa dawa ya kuziba mvujo, chini ya mfuniko wa oili, kama oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kuna pia kipimo cha kimiminika cha bluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta. Gesi ya injini ya petroli ikiwa inaingia kwenye maji, kinageuka njano. Kifanyike mbele ya watu na kirekodiwe kwa video.

Bolti zenye makovu na silikoni mpya ndizo zinazobeba madai yako, kuliko hata gasketi yenyewe. Gasketi inaweza kufa siku yoyote. Lakini kama injini ilifunguliwa, kauli ya "haijawahi kuguswa" haikuwa kweli, na dawa ya kuziba rejeta haijiweki yenyewe.

Ndiyo maana nasema fundi asifungue kitu kabla yadi hawajapewa nafasi ya kuja. Akifungua peke yake, watasema yeye ndiye aliyeharibu. Wakialikwa kwa maandishi wasije, mfungue mbele ya shahidi mwingine, na vipuri vilivyotolewa vihifadhiwe kwenye mfuko wenye jina. Ripoti iandikwe na fundi mwenye cheti, wa VETA kwa mfano, iwe na jina lake, sahihi, namba ya injini na namba ya chesisi. Ukipata ripoti ya pili kutoka karakana ya TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme, bora zaidi, kwa kuwa fundi wako wa kwanza ataambiwa anakupendelea.

Meseji za WhatsApp zinapokelewa mahakamani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imelimaliza jambo hilo. Usizifute, usibadilishe simu bila kuzihamisha, na usitegemee picha ya skrini peke yake. Simu yenyewe itunze.

Huenda yadi walikuonyesha kilomita pia. Kama gari liliingia kutoka Japani, hati yake ya kusafirishwa ina kilomita zilizosomwa huko, na karatasi ya mnada ina daraja la hali ya gari. Herufi R pale humaanisha gari liligongwa au lilifanyiwa ukarabati mkubwa. Omba nakala. Wakikataa kukupa, andika kwamba uliomba wakakataa.

Nisikufiche ugumu uliopo. Sura ya 214 ilijengwa kwa mfano wa sheria ya Waingereza ya mwaka 1893, na imebeba kanuni moja isiyompendelea mnunuzi: ukinunua kitu mahususi ulichokichagua mwenyewe, umiliki ukishahamia kwako, mara nyingi hubaki na dai la fidia tu, si la kurudisha mali. Gari ulilolionyesha kidole pale yadi ni kitu mahususi. Watetezi wa yadi wataing'ang'ania kanuni hiyo. Una majibu mawili. Mosi, kadi bado haijabadilishwa jina, kwa hiyo kuna hoja kwamba hamkukusudia mauzo yakamilike hadi uhamisho ufanyike. Hoja hiyo si chuma, lakini ina uzito. Pili, na hili ndilo ninalolitegemea, kuna Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Humo, mtu aliyekubali mkataba kwa sababu ya udanganyifu au kauli isiyo ya kweli ana haki ya kuutengua. Mkataba ukitenguliwa kila mmoja anarudisha alichopokea: wewe gari, wao milioni 14. Kwa hiyo madai yako yaandikwe kwa ngazi mbili: kwanza mkataba utenguliwe kwa sababu ya kauli ya uongo, ikishindikana, ulipwe fidia.

Watakuuliza kwa nini hukuja na fundi wako siku ya kununua. Swali ni halali. Sheria inasema mnunuzi aliyekagua hana dai kwa kasoro ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzionyesha, na kwenye kauli isiyo ya kweli iliyotolewa bila nia ya kudanganya, mnunuzi aliyeweza kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida anaweza kukosa nafuu. Tairi zilizokwisha, kioo chenye ufa, mlango wenye kutu: hayo uliyaona au ungeyaona. Gasketi ya ndani iliyofunikwa kwa dawa ni kitu kingine kabisa. Na aliyedanganya kwa makusudi hawezi kujitetea kwamba ulimwamini mno.

Fidia inapimwa hivi: thamani ya gari kama lingekuwa walivyosema, toa thamani yake lilivyo. Tuseme mthamini anaona Noah nzima ya aina hiyo ni milioni 14 na hii yenye injini mbovu ni milioni 9.5. Pengo ni milioni 4.5. Juu yake weka gharama ya kuvuta gari kutoka mlimani, ya ukaguzi, na nauli ulizolipa kwa kukosa gari, zenye risiti. Riba ya SACCOS unaweza kuiomba, ingawa ni rahisi zaidi kuipata kama muuzaji alijua unanunua kwa mkopo. Marejesho ya mkopo uendelee kuyalipa. SACCOS haikukuuzia gari, na ugomvi wako na yadi hausimamishi makato.

Lile jina kwenye kadi linanitia wasiwasi kuliko kuchemsha. Yadi nyingi huuza magari ya watu kwa kamisheni, na yakitokea matatizo husikii tena "gari letu", unasikia "sisi ni madalali tu, mtafute mwenyewe". Usikubali kirahisi. Aliyekuuzia bila kukutajia mwenye mali anawajibika kwako yeye mwenyewe, na kauli ya uongo iliyotoka mdomoni mwake ni yake. Risiti ina jina la nani? Fedha ziliingia akaunti ya nani? Kama ni ya yadi, dai yadi, na mwenye kadi muunganishe kama mdaiwa wa pili ikihitajika. Halafu nenda TRA uhakikishe namba ya chesisi, mwenye gari na hali ya usajili. Hapa kwetu njia ya Tunduma iko karibu, na magari ya IT, yaani yale yanayopita tu nchini (in transit) kwenda Zambia na Congo, wakati mwingine huishia kuuzwa ndani bila kodi kulipwa. Sisemi lako ni mojawapo. Nasema uhakikishe, maana gari lisilolipiwa ushuru linaweza kuchukuliwa mikononi mwako hata likiwa na injini mpya. Uhamisho wa jina usiusaini sasa, ama sivyo utakuwa umeziba hoja yako mwenyewe.

Kuhusu fundi wao na nusu ya gharama: mimi nisingekubali. Ukichangia nusu unaweza kuonekana unakiri kwamba nusu ya kosa ni yako, na kwamba umelipokea gari. Kama umechoka na unataka tu gari litembee, basi gharama yote iwe ya yadi, hedi ipelekwe kusawazishwa na kupimwa ufa kwenye mashine, iandikwe kwamba kukubali matengenezo hakuondoi haki zako, na tarehe ya mwisho iwekwe. Gari lisilale yadi bila hati ya makabidhiano inayotaja vifaa vilivyomo, kilomita na kiasi cha mafuta. Nimeona magari yakirudi kwa wenyewe bila betri.

Wakikaa kimya au wakikataa, wape notisi ya madai ya siku 14. Baada ya hapo una milango miwili, na unaweza kubisha yote. Mmoja ni Tume ya Ushindani, yenye ofisi ya kanda Mbeya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora na historia ya bidhaa, na inampa aliyepata hasara nafasi ya kuiomba Tume amri ya fidia. Barua ya Tume peke yake huwafanya baadhi ya wauzaji wakae mezani. Mlango wa pili ni Mahakama ya Mwanzo. Dai la mali inayohamishika lisilozidi Sh milioni 30 lina nafasi pale, unazungumza Kiswahili, unaweza kusimama mwenyewe, na gharama yake ni ndogo. Muda wa kufungua dai la mkataba ni miaka sita, lakini usinunue usingizi kwa miaka hiyo. Kwa nia yako ya kurudisha gari, kila wiki ya ukimya inakudhoofisha.

Mume wako anaweza kutaka mwende polisi. Kama ushahidi utaonyesha walijua injini imefunguliwa wakakuambia haijaguswa, kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai na una haki ya kuripoti. Lakini polisi si wakusanya madeni, na kesi ya jinai inahitaji uthibitisho mzito kuliko wa madai. Uanze na nini? Madai. Na jina la yadi usilimwage Facebook au kwenye magrupu. Wanaweza kukugeuzia kesi ya kukashifiwa, nawe ukajikuta unatumia nauli kujitetea.

Wengi hapa hujibu baada ya notisi au kwenye kikao cha kwanza. Wakikupa gari lingine badala ya fedha, anza upya kabisa: fundi wako, TRA, safari ya majaribio hadi juu ya mlima ule na kurudi kabla ya kusaini. Wakikubali kurudisha fedha, andikeni hati ya makubaliano mbele ya wakili, ikitaja kiasi, tarehe na kwamba mkataba umetenguliwa. Malipo yapite benki. Wakilipa kwa awamu, gari libaki kwako bila kutumika hadi awamu ya mwisho iingie. Ukishaona salio, kabidhi ufunguo, kadi na vipuri vilivyotolewa kwa hati moja, wote mtie sahihi, na nakala yako ipige picha palepale.